Tulimtilia kaka dawa kwenye uji

Hii nimeikalia mwaka mzima. Naandika nafuta, naandika nafuta, manake mamangu yuko na hapendi mambo ya nyumbani yaanikwe nje, lakini juzi nikamuuliza tena akaniambia andika tu mwanangu, pengine kuna mama mwengine saa hii anasaga.

Basi naandika.

Kakangu mkubwa ni mnywaji wa mnazi. Sisi kwetu ni Ganda, ukitoka Malindi mjini ni mwendo wa tuktuk tu, babu alikuwa mgema, baba alikuwa mgema, na mnazi kwetu si aibu, harusi haiendi bila mnazi, matanga hayaendi bila mnazi, hata mahari ya mamangu yalikuwa na mnazi ndani yake. Kwa hivyo mtu akianza kuzidisha inapita miaka kabla hajatokea wa kusema kitu. Mnazi ukishuka mtini asubuhi ni mtamu, hata mtoto anaonjeshwa, ukikaa mpaka jioni unakuwa mkali, ukilala ndo kabisa. Kaka alianza na ule mtamu kama sisi sote, baadaye akawa anautaka wa jioni, mwisho akawa anaulizia uliolala, na siku mnazi hamna anatafuta chang'aa. Tuktuk aliyokuwa anaendesha, mwenye tuktuk akaichukua akampa kijana mwengine. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani, saa kumi na mbili ashaingia mangweni, kule kunakouzwa mnazi, kutoa loki, yaani kunywa ya kutuliza mtetemeko, anarudi saa mbili mikono imetulia, anasalimia watu vizuri, ungemuona wakati huo ungesema hana neno.

Mama alisikia habari ya kidonge kwenye chama. Mwenzake alimwambia kuna dawa ya kuacha pombe, unamwekea mtu kwenye chakula hata hajui, akinywa anaugua, akiugua mara mbili tatu anaichukia mwenyewe. Mama akaenda mjini, duka moja la dawa, wakamuuzia. Hakuulizwa ni ya nani, hakuulizwa huyo mtu ana presha ama ana nini, alipewa vidonge kwenye kibahasha cha karatasi na kuambiwa kimoja kwa siku basi.

Aliyesaga ni mimi. Nilisagia kwenye sahani ya bati kwa mgongo wa kijiko, kidonge cheupe kikawa unga, nikakoroga kwenye uji wake, nikakamulia ndimu na kuongeza sukari ili asijue ladha. Siku ya kwanza alirudi mapema analalamika kichwa kinamgonga na mwili una joto, akalala. Mimi na mama tukaangaliana, tukaona ehe, inafanya kazi. Kesho yake tukatia viwili.

Saa nne kijana akaja mbio. Nilimkuta kaka kwenye benchi chini ya makuti, macho mekundu, uso umevimba, anatapika mpaka hakuna cha kutapika, na moyo unapiga mpaka naona shati linacheza kifuani. Wenzake wamesimama mbali kidogo na vibuyu vyao, wanaogopa. Akanishika mkono akaniambia, mdogo wangu nimelishwa sumu, nani amenilisha sumu. Nikamwambia twende hospitali. Sikumjibu alichoniuliza. Ndani ya tuktuk njia nzima amenishika mkono anaulizia hilo hilo.

Daktari aliuliza amekula nini, amekunywa nini, amemeza nini. Mama kimya. Nikasema mimi, na kaka amelala pale ananisikia.

Nilitarajia kugombezwa na sikugombezwa. Alivuta kiti akatueleza taratibu, na naeleza hapa alivyotueleza pamoja na nilivyokuja kusoma mwenyewe baadaye, manake kuanzia siku ile nilisoma kama mtu mwenye deni.

Ile dawa inaitwa disalfiramu, wengi wanaijua kwa jina la Antabuse. Ni ya zamani sana. Watu wa viwanda vya mpira waliokuwa wakishika kemikali hiyo waligundulika kuugua wakinywa pombe, halafu miaka ya 1940 huko Denmaki watafiti wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wanaijaribu kama dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe, na kila wakinywa hata kidogo hali inakuwa mbaya. Ndo ikawa dawa ya pombe. Inavyofanya kazi ni hivi, ukinywa, ini linaigeuza pombe kuwa kitu kingine chenye sumu kinachoitwa asetaldehaidi, halafu mara moja linakigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara. Disalfiramu inafunga hiyo hatua ya pili. Sumu inarundikana kwenye damu, uso unawaka, moyo unakimbia, presha inaweza kushuka, na kwa mtu ambaye moyo wake si mzima inaweza kumuua. Mtu anatakiwa awe hajanywa kwa masaa 12 angalau kabla ya kumeza, na akishaacha kumeza bado inakaa mwilini mpaka wiki mbili, hata siki kwenye achari ama dawa ya kifua yenye alkoholi inaweza kumletea shida. Sasa fikiria mtu anameza bila kujua. Hawezi kujikinga na kitu asichokijua. Daktari alisema dawa hii inapewa mtu aliyekubali mwenyewe, anayejua kila kitu, anayetaka kuwekewa ukuta. Kumtilia mtu kwa siri ni kumtegea.

Kisha akasema neno ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Alisema, na hata akinywa kwa hiari yake, hii dawa haigusi hamu. Hamu iko pale pale. Inamtisha tu.

Mimi sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hamu ni kitu ambacho dawa inaweza kukigusa. Nilidhani hamu ni tabia, ni ukaidi, ni kukosa dini. Siku ya pili wodini kaka alianza kutetemeka mwili mzima, anatoka jasho, anaona vitu ukutani, wakamchoma dawa za kumtuliza na vitamini B1, tukaambiwa mnywaji wa siku nyingi akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa na hata kufa, kwa hivyo wale wanaomfungia mtu chumbani siku tatu ati aiache, jamani, msifanye hivyo, mpelekeni hospitali. Nilikaa pale namuangalia nikaona hapa hakuna ukaidi. Hiki ni kiungo kinaumwa.

Zipo dawa za kugusa hamu. Moja inaitwa naltreksoni, kidonge cha miligramu 50 mara moja kwa siku. Ukinywa pombe ubongo unatoa kemikali zake wenyewe za raha, zinaenda kukaa kwenye vituo vyake, ndo ile furaha ya kibuyu cha kwanza. Naltreksoni inawahi inakaa kwenye vile vituo. Unakunywa, lakini raha inakuja haina pa kukaa. Walianza kuitumia kwa watu wa heroini miaka ya 80, halafu huko Philadelphia wakaijaribu kwa wanaume 70 waliokuwa wanajeshi zamani, wote wana shida ya pombe, kwa wiki 12, nusu wanapata dawa nusu wanapata kidonge kitupu na hakuna anayejua kapewa kipi. Matokeo yakatoka 1992. Waliopewa dawa, asilimia 23 walirudi kwenye ulevi. Waliopewa kidonge kitupu, asilimia 54. Mwaka 1994 Marekani ikairuhusu kwa pombe. Kuna nyingine, akamproseti, Ufaransa wanaitumia tangu 1989, hiyo ni kwa yule ambaye ashaacha na anataka abaki hivyo, vidonge vingi kwa siku, na figo lazima ziwe nzima.

Sitaki kumdanganya mtu. Mwaka 2023 walikusanya majaribio 118 pamoja, watu karibu 21,000, na hesabu ya naltreksoni ilitoka hivi, ukiwapa watu 11, kuna mmoja anayeokoka kurudi kwenye unywaji mzito ambaye bila dawa angerudi. Mmoja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilivunjika moyo, baadaye nikafikiri, mangweni kwetu jioni wanakaa watu wangapi? Na huyo mmoja ana watoto wangapi?

Kaka alianzishiwa naltreksoni baada ya kupimwa ini, manake mtu mwenye ini bovu kabisa hapewi, na baada ya kuulizwa mara tatu kama anatumia unga, yaani heroini, ama tramadol, ile dawa ya maumivu, ama methadoni, dawa wanayopewa watu wa heroini. Hapa Malindi hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Tuna vijana wengi wa unga, tuna wenzetu wanaoenda kunywa methadoni kila asubuhi, na wengi wao wanachanganya na pombe. Mtu wa hivyo akimeza naltreksoni, ile ile inayokaa kwenye vituo inamng'oa heroini yote kwa mpigo na arosto, yale mateso ya kukosa unga, inampiga muda ule ule, arosto mbaya kuliko aliyowahi kuiona. Kwa hivyo usimpe jirani vidonge vyako kwa huruma. Usimpe.

Vilikuwa havipatikani hapa mjini, binamu yetu anayefanya kazi Mombasa ndiye aliyevitafuta. Wiki ya kwanza kaka alikuwa na kichefuchefu, anakula nusu sahani. Wiki ya tatu alirudi mangweni, mimi roho juu, nikakaa kizingitini namngoja. Alirudi kabla ya magharibi, anatembea sawa. Nikamuuliza vipi. Akakaa, akavua kandambili, akafikiria, akasema, "Naunywa, lakini hauniitiki." Nikamuuliza hauitiki vipi. "Yaani kama unamwita mtu unayemjua na anapita." Alikuwa na huzuni, wallahi, kama mtu aliyepoteza rafiki, na mimi niliona ndo mara ya kwanza kwa miaka mingi ananieleza kitu kinachoendelea ndani yake. Aliacha kibuyu nusu. Hakuna aliyemtisha.

Sasa tangu hapo mtu yeyote akiniletea habari ya dawa mpya nasoma mpaka usiku. Na habari ni nyingi. Mnaisikia hii Ozempic, sindano ya kisukari ambayo wenye pesa wanaitumia kupungua mwili, dawa yenyewe ni semaglutaidi, inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo nimeshiba. Watu walioanza kuchomwa kwa sababu ya sukari wakawa wanawaambia madaktari wao kwamba hata pombe siitaki tena. Ndipo watafiti wakaanza kupima. Jaribio moja la Marekani, timu ya Christian Hendershot, lilitoka Februari 2025, watu 48, wiki 9, sindano moja kwa wiki kwa dozi ndogo, na wengine sindano tupu. Mwanzo na mwisho waliwaweka kwenye chumba na kinywaji wanachokipenda mbele yao, wanywe ama wasubiri, wapendavyo. Waliochomwa semaglutaidi mwishoni walikunywa kidogo zaidi, na hamu yao ya wiki kwa wiki ilishuka kuliko ya wenzao. Siku za kunywa hazikupungua sana, ila siku wakinywa hawanywi kama zamani. Na hawa walikuwa watu ambao hata hawakuwa wanatafuta matibabu.

Nilimsomea kaka hii jioni moja tukiwa tunakuna nazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, hao watu 48 walikuwa wanakunywa nini? Nikasema vinywaji vya kwao huko. "Mnazi?" Hapana. Akaendelea kukuna. Baadaye sana akasema, "Basi kwetu bado hawajajaribu."

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wako hivi, ndugu zangu, wanywaji wa kwetu ni wembamba. Kakangu ni mwembamba kama ufito, manake pesa ikipatikana inaenda kwenye kibuyu kabla ya unga wa sima. Dawa hii mpya inaondoa hamu ya kula pia. Denmaki walijaribu ndugu yake mkubwa, eksenataidi, ile ambayo asili yake ni mate ya mjusi mmoja wa jangwani Marekani, watu 127 kwa wiki 26, matokeo ya 2022 yakasema kwa jumla haikuwashinda waliopewa sindano tupu, waliosaidika ni wale wanene. Wembamba haikuwafaa. Sasa ikiwa hivyo, mtu wa Ganda, wa Kakuyuni, wa Goshi, ambaye kashapungua, ukimchoma sindano inayomfanya asitamani hata sima, utakuwa umemtibu ama umemmaliza? Hilo haliwezi kujibiwa Copenhagen. Linajibiwa hapa, na watu wa hapa, wakiwa wameulizwa na wamekubali kwa mdomo wao, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, wakaelezwa kwamba unaweza kupewa kitupu, kwamba una haki ya kutoka siku yoyote, na kwamba jaribio likiisha hutaachwa barabarani. Hata kipimo chenyewe kinataka akili ya hapa, manake kule wanahesabu glasi na chupa, huku mnazi wa asubuhi na mnazi uliolala ni vitu viwili na kibuyu ni kile kile.

Wazungu wa Italia wako hapa mjini kila kona na mmoja niliyewahi kumfulia aliniambia kwao kuna dawa ya maji, nikaitafuta, ni kweli, sodiamu oksibeti, Italia na Austria wanaitumia kwa pombe, ila nayo yenyewe inaweza kumfanya mtu awe mteja wake, ashindwe kuiacha. Ufaransa kuna baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, daktari wa moyo Olivier Ameisen ambaye pombe ilikuwa imemshinda alijijaribia mwenyewe akaandika 2004 kwamba hamu imeisha, baada ya mabishano ya miaka nchi yake ikairuhusu 2018. Naipenda habari hii kwa sababu mgonjwa ndiye aliyesema. Lakini yule alikuwa daktari, alijua anachomeza. Sisi wengine tusijijaribie.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hizi mpya zinaandikwa kila siku na zile za zamani zenyewe hazijatufikia. Shirika la Afya Duniani liliziweka naltreksoni na akamproseti kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, yaani dawa ambazo kila nchi inafaa kuwa nazo, na bado mimi nategemea begi la binamu kwenye matatu ya Mombasa. Ila ile ya kumtegea mtu kwenye uji, hiyo mamangu aliipata ndani ya dakika tano.

Desemba kulikuwa na matanga ya mjomba. Vidonge vilikuwa vimeisha wiki moja kabla, pesa ilienda kwenye mazishi, na kwenye matanga mnazi hauulizwi. Siku ya tatu kaka alikuwa amerudi kule kule, wa jioni, uliolala, kila kitu. Alilala nje chini ya mwembe. Mama alisimama mlangoni usiku na mimi nikajua anachofikiria kwa sababu hata mimi nilikifikiria, vile vidonge vyeupe vilivyobaki viko juu ya kabati kwenye kibahasha chake. Nikavishusha nikavitupa chooni, mama akiniona.

Asubuhi nikamchukulia chai nikamwambia tukianza tena utakubali? Akasema hujanisagia kitu hapa? Nikanywa mimi kwanza, kikombe kile kile, nusu. Ndo akapokea.

Amerudi kwenye naltreksoni tangu Januari. Anameza mwenyewe, saa moja asubuhi, mimi nampa maji tu. Kuna siku anakunywa kibuyu, kuna siku hapiti njia ile kabisa. Leo nimehesabu, vimebaki tisa, na binamu amesema Alhamisi.